Maneno Yaishie Mlangoni

Faili lenyewe la mipangilio halikujaza hata ukurasa mmoja. Jina la kituo, namba ya simu ya mlinzi wa pampu, urefu wa tangi, asilimia ya maji ya kutolea tahadhari, APN ya laini, namba ya kuulizia salio, na meseji mbili tatu za kutumwa maji yakipungua. Lakini msimbo wa C uliokuwa ukilisoma faili hilo ulikuwa mrefu kuliko msimbo wa kupima maji, kuendesha modemu na kutuma meseji, ukivijumlisha vyote. Nilipokabidhiwa kazi ile Kibaha, hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona, na ndilo lililonikalisha mezani kwa muda mrefu kuliko yote.

Ofisi yetu ilikuwa Maili Moja, chumba kimoja kinachotazama Barabara ya Morogoro, mabasi ya bara yakipita usiku na mchana. Vituo vilikuwa Kisarawe: visima na matangi ya vijiji vya upande wa Masaki, Maneromango na Mzenga, kila kimoja na kisanduku chenye kompyuta ndogo ya Linux, kipima kina na modemu. Kwenye ramani, Kibaha na Kisarawe ni wilaya za mkoa mmoja wa Pwani, na makao makuu ya mkoa yapo hapo hapo Kibaha. Barabarani ni habari nyingine. Anayekwenda Kisarawe mjini mara nyingi hushuka kwanza Dar es Salaam, akazunguka Gongo la Mboto na Pugu, ndipo apande vilima. Anayekwenda Mzenga au Maneromango hukata kushoto Mlandizi na kuingia barabara ya vumbi ambayo masika huigeuza tope. Kwa hiyo herufi moja ikikosewa kwenye faili la mipangilio, kuna mtu atakayepanda bodaboda kwenda kuirekebisha, kuna mafuta yatakayonunuliwa, na kuna kijiji kitakachokaa na tangi tupu bila taarifa kumfikia yeyote. Wanaoandika programu mjini, seva ikiwa chumba cha pili, hawajui gharama hiyo.

Aliyeandika msimbo ule kabla yangu hakuwa mzembe. Aliandika C kama wengi wetu tulivyofundishwa, kwa strtok, strcpy, atoi na bafa za ukubwa usiobadilika. Tatizo la strtok ni kwamba inakumbuka ilipoishia mahali pamoja tu, palipofichika, kwa programu nzima. Ukiitumia kukata faili katika mistari, kisha ndani ya kila mstari ukaitumia tena kutenganisha jina na thamani, ile ya ndani inaifuta kumbukumbu ya ile ya nje, na mistari iliyobaki inapotea. Yeye aliligundua hilo, akatafuta njia ya kulikwepa: kila alipohitaji thamani moja, alifungua faili upya, akalisoma tangu juu mpaka akutane na jina analolitafuta, akalifunga. Kila jina lilikuwa na fanksheni yake ya kulisoma, na kila fanksheni ilikuwa na tabia yake. Moja ilirudisha stringi ambayo lazima uiachilie kwa free. Nyingine ilirudisha poinita ya bafa ya ndani, na hiyo ukiiachilia programu inaanguka. Hapakuwa na njia ya kuzitofautisha ila kuzisoma zote.

Lawama nyingine ni ya lugha yenyewe, ingawa nayo ina sababu zake. Stringi ya C haijui urefu wake. Inaishia pale inapokutana na baiti ya sifuri. Dennis Ritchie, aliyeitengeneza C kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, alieleza baadaye kwamba lugha ya BCPL, mojawapo ya zilizoitangulia C, iliweka idadi ya herufi mwanzoni mwa stringi, na kwamba waliiacha njia hiyo kwa sababu nafasi ya idadi ilikuwa ndogo na iliweka ukomo wa urefu, tena waliona alama ya mwisho ni rahisi zaidi kuitumia. Kwa mashine za wakati ule hoja hiyo ilisimama. Bei yake ililipwa baadaye. Novemba 1988 programu ya Robert Morris ilisambaa kwenye intaneti, na mojawapo ya milango iliyopitia ni fanksheni ya gets, inayopokea maandishi bila kuuliza bafa ina ukubwa gani. Fanksheni hiyo iliondolewa rasmi kwenye C mwaka 2011. Hata strlcpy, ambayo watu wa OpenBSD waliitoa mwaka 1998 ili kunakili stringi kuwe salama kidogo, iliingia kwenye glibc ya Linux mwaka 2023. Miaka 25 ya kubishana juu ya namna ya kunakili maneno!

Sisi hatukuwa na mdukuzi. Tulikuwa na watu wema wanaoandika faili kwa namna wanayoijua, na hao wanatosha kabisa.

Chukua namba ya simu. Msimbo wa zamani uliigeuza kuwa namba kwa strtol yenye msingi wa sifuri, yaani fanksheni ijitambulie yenyewe msingi wa hesabu. Kwa C, namba inayoanza na 0 ni ya msingi wa nane. Simu zetu zote zinaanza na 0. Tarakimu 0713 zikisomwa hivyo zinakuwa 459, na fanksheni ikikutana na 8 au 9, ambazo hazimo katika msingi wa nane, inasimama hapo hapo bila kusema neno. Kubadilisha msingi kuwa kumi kungeondoa kituko hicho, lakini bado sifuri ya mwanzo ingepotea. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ni maandishi, na ilipaswa kubaki maandishi.

Au chukua alama ya #. Kanuni ya zamani ilisema kila kinachofuata # ni maelezo ya pembeni, kisisomwe. Kanuni nzuri, mpaka ukumbuke kwamba nchi hii inaishi kwa *150*00# na ndugu zake. Namba ya kuulizia salio ilikatwa mkia kila iliposomwa, modemu ikapiga nusu ya namba, mtandao ukaikataa, na ripoti ikasema salio halijulikani. Kila mtu aliilaumu laini.

Kisha Notepad. Mistari ya Windows huishia kwa herufi mbili, na ya kwanza kati ya hizo Linux huiona kuwa sehemu ya maneno. Jina la kituo likawa Maneromango na kijiherufi kisichoonekana nyuma yake. Strcmp ikasema halifanani na Maneromango yoyote inayoijua. Ukichapisha jina hilo kwenye skrini ili uone kasoro, kijiherufi kile hurudisha kalamu mwanzo wa mstari, sehemu ya pili ya sentensi huandikwa juu ya ile ya kwanza, ukabaki unatazama maneno yasiyo na kichwa. Notepad za zamani ziliongeza na baiti tatu mwanzoni mwa faili ukihifadhi kwa UTF-8, hivyo jina la kwanza kabisa katika faili halikutambulika kamwe. Suluhisho lililokuwa likipita mdomo kwa mdomo vituoni ni kuacha mstari wa kwanza wazi. Lilifanya kazi, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni ng'ombe. Kijiji kimoja kilikuwa na birika la mifugo, na meseji ya tahadhari iliwataka wafugaji wasilete ng'ombe mpaka pampu iwashwe. Katibu aliiandika kwa Word, akainakili kwenye faili. Word, kwa adabu zake, iliibadilisha ile alama ya ng' ikawa ya kupinda. Alama iliyonyooka imo katika alfabeti ya meseji za simu. Ya kupinda haimo. Herufi moja tu isiyomo inatosha kuifanya meseji nzima itumwe kwa mfumo mwingine, na ukomo wake unashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Meseji ya herufi 150, iliyokuwa ikienda moja, iligawanyika tatu, na salio likaisha katikati ya mwezi. Juu ya hayo, ndani ya faili alama ile ya kupinda inachukua baiti tatu badala ya moja, na bafa ya meseji ilikuwa imekaribia kujaa. strcpy haina habari ya bafa. Ziada ilimwagikia kwenye thamani iliyokaa jirani, ambayo ilikuwa urefu wa tangi.

Njia ya kutoka niliipata kwa kusoma msimbo wa Kannel, lango la meseji lililoanza mwaka 1999 Ufini katika kampuni ya Wapit, likabaki huru kwa yeyote kulitumia. Mafundi wengi niliowajua waliojenga huduma za meseji za jumla walipitia kwake. Kannel imeandikwa kwa C tupu, lakini ukiifungua huoni strcpy zimetapakaa. Waandishi wake walijitengenezea aina yao ya stringi, Octstr, inayobeba urefu wake, na fanksheni zake zina kanuni moja ya nani anaachilia kumbukumbu. Upande wa mipangilio kuna faili moja, cfg.def, linaloorodhesha kila kundi na kila jina linaloruhusiwa. Ukiandika jina ambalo halimo, inakuambia. Alama ya # ni maelezo ikiwa mwanzoni mwa mstari tu.

Orodha hiyo ndiyo niliyoichukua. Octstr niliiacha, na hapa najua wapo watakaobisha. Kuhamisha programu nzima kwenye aina mpya ya stringi ni kukubali kwamba stringi zitaendelea kuzunguka humo ndani, na mimi nilitaka zisizunguke kabisa. Nyumba za Pwani viatu huvuliwa mlangoni. Maandishi ya faili nayo yaishie mlangoni: yasomwe mara moja programu inapowaka, yageuzwe kuwa thamani za kweli, na kutoka hapo ndani kusiwe na sehemu inayouliza tena faili lilisema nini. Urefu wa tangi uwe namba kamili ya sentimita. Ndiyo na hapana ziwe moja na sifuri. Vitu vichache vinavyobaki kuwa maandishi, yaani simu, APN na meseji, vikae kwenye nafasi zao zenye ukubwa uliopimwa, ndani ya muundo mmoja usiohitaji malloc. Pasipo malloc hakuna wa kuulizana nani aite free.

Zile fanksheni zote zikageuka jedwali moja, kila jina mstari wake:

{"urefu_wa_tangi_cm", NAMBA, 50, 600, LAZIMA}

Jina, aina, kiwango cha chini, cha juu, na kama ni lazima liwepo. Kipimo kimo ndani ya jina, ili asiwepo wa kuuliza kama ni mita au futi. Msomaji wa faili akabaki mmoja na mfupi: ruka baiti tatu za mwanzo kama zipo, chukua mstari, ondoa nafasi na vijiherufi vya pembeni, kata kwenye alama ya kwanza ya = (ya kwanza tu, maana meseji yaweza kuwa na nyingine), tafuta jina kwenye jedwali, pima thamani. Hakati kwa kupachika sifuri ndani ya maandishi kama strtok; anashika mwanzo na urefu, maandishi yanabaki yalivyo, na kwa hiyo kosa likitokea anaweza kukuonyesha ulichoandika. Kwenye namba, strtol ya msingi wa kumi, na kuhakikisha imefika mwisho wa neno. Atoi haina namna ya kukuambia imekwama. Kwenye maandishi, yakizidi nafasi yanakataliwa, hayakatwi kimyakimya. APN iliyokatwa herufi ya mwisho ni mbaya kuliko APN isiyokuwepo, kwa sababu inafanana na ya kweli.

Kila kinachosomwa kinaingia kwanza kwenye muundo wa pembeni. Makosa yote yanakusanywa, si la kwanza peke yake, kwa sababu anayerekebisha kosa moja na kuwasha upya ili agundue la pili anapoteza siku. Yasipokuwepo makosa, muundo mpya unachukua nafasi ya ule wa zamani, na faili linanakiliwa kuwa nakala ya mwisho iliyokubalika, kwanza kwa jina la muda, kisha kwa rename, ambayo kwenye Linux hubadilisha jina kwa mkupuo mmoja. Yakiwepo, kituo kinaendelea na nakala ya zamani na kutuma malalamiko. Umeme hukatika mtu akiwa katikati ya kuhifadhi, na faili linalobakia lina baiti sifuri. Zamani kituo kiliwaka kikiwa hakijui hata jina lake.

Malalamiko niliyaandika kwa Kiswahili kamili, na hapo ndipo nilipogombana na fundi wa pampu wa upande wa Maneromango. Alikuwa mtu mzima, amefunga mashine za maji tangu mimi sijazaliwa. Nilimpigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiki kisanduku chako kinanigombeza."

"Kinasemaje?"

Akasoma polepole: "Mstari wa 11. urefu_wa_tangi_cm lazima iwe namba kamili kati ya 50 na 600. Nimesoma: 2,5m."

"Tangi lina urefu gani, mzee?"

"Si hiyo mita mbili na nusu! Na chenyewe kinasema kimesoma. Sasa kama kimesoma, kinaniuliza nini? Kingeandika 250, mambo yakaisha."

Swali lake lilinikaa kichwani kwa sababu lina haki ndani yake. Nilimweleza kilichokuwa kikitokea zamani. atoi ilikuwa ikisoma 2,5m, inachukua 2, inatupa vilivyobaki, na kuendelea. Tangi la mita mbili na nusu likapimwa kama la mita mbili. Likiwa nusu, ripoti ilisema asilimia 62. Likijaa, lilipita asilimia mia, na watu Kibaha wakasifu pampu. Tahadhari ya maji kupungua ilichelewa, na akina mama wenye ndoo walijua bomba limekauka kabla ya kompyuta.

"Kwa hiyo kilikuwa kinabahatisha," akasema.

"Kilikuwa kinabahatisha, mzee."

"Basi afadhali kigombeze." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Lakini kwenye simu hujanishinda. Nimeandika namba yangu kwa +255, kimekataa. Nimeiandika kwa nafasi katikati, kimekataa. Namba ni ile ile, na wewe unaijua."

Hapo alikuwa sahihi moja kwa moja. Namba ya simu yenye 0 mbele na ile yenye +255 zinampata mtu yule yule, na nafasi katikati haibadilishi kitu. Maana ikiwa moja tu, programu ndiyo ihangaike, si mwandishi wa faili. Kwenye jedwali ikaongezwa aina ya SIMU: inaondoa nafasi, inakubali sura zote mbili, inahifadhi moja, na inakataa kilichopungua tarakimu. Ile alama ya kupinda ya ng' nayo ikawekwa kundi hilo hilo, ikanyooshwa mlangoni bila kumsumbua katibu. Urefu wa tangi ukabaki kugombeza, kwa kuwa mkato katikati ya namba mmoja huusoma nukta, mwingine huusoma kitenganishi cha maelfu.

Yeye pia ndiye aliyetaka njia ya kujaribu faili bila kuwasha upya kituo, na kutokana na hilo programu ikapata neno la --angalia: inasoma, inalalamika au inasema "sawa", inatoka. Lilikuwa jambo la mistari michache, kwa sababu kusoma na kutumia vilikuwa vimeshatenganishwa. Kwenye msimbo wa zamani lisingewezekana, maana faili lilikuwa likisomwa kila kona.

Kijana aliyejiunga nasi baadaye aliuliza kwa nini tusitumie JSON au YAML, maktaba zipo, zimejaribiwa. Kwa mashine zinazoandikiana nisingebisha. Lakini JSON hairuhusu maelezo ya pembeni, na mafundi wetu huandika humo tarehe waliyobadilisha kipima na jina la aliyewaletea. YAML, kwa toleo lake la 1.1, husoma neno no kuwa si kweli, na inategemea nafasi za mwanzo wa mstari ambazo kwenye skrini yenye ufa wala huzioni. Jina, alama ya =, thamani: hilo mtu anaweza kusomewa kwa simu na akaliandika sawasawa, na kwetu hicho kilikuwa kigezo kikubwa.

Ila kijana alikuwa na hoja moja ambayo sijaijibu vizuri. Kituo kimoja upande wa Mzenga kiliongezewa tangi la pili, na jedwali langu halijui kurudia. Tuliandika tangi1_urefu_cm na tangi2_urefu_cm, mistari miwili miwili kwenye jedwali, na msimbo wa kupima ukapata kitanzi kidogo kibaya. Kinafanya kazi. Ikiwa wataongeza la tatu, itabidi nikubali makundi kama ya Kannel, yanayotenganishwa kwa mstari mtupu, na hapo nitalazimika kumweleza mzee wa Maneromango kwamba kuanzia sasa mstari mtupu una maana.